Mwigizaji Anavyopikwa Kuwa Askari wa Filamu

Mtu aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), hata kama ni kwa mujibu wa sheria na kwa miezi michache tu, huwa hakimu mkali wa filamu za vita. Risasi ya kwanza haijalia, tayari ameona kasoro. Begi la mgongoni limejazwa sponji, maana mabega ya anayelibeba hayajashuka hata kidogo. Askari sita wamesongamana nyuma ya ukuta mmoja, mahali ambapo bomu moja la mkono lingewamaliza wote. Kamanda anapigiwa saluti katikati ya uwanja wa mapambano, na adui aliyejificha na darubini yake angejua papo hapo nani wa kumlenga kwanza. Mtazamaji asiyejua jeshi hawezi kuzitaja kasoro hizi moja moja, lakini naye anahisi kitu hakijakaa sawa, na kuanzia hapo hata kifo cha mhusika mkuu hakimgusi sana.

Kazi ya kuziondoa kasoro hizo imekuwa taaluma inayojitegemea, yenye wakufunzi wake, kambi zake na ugomvi wake. Wengi tunadhani ni kazi ya kumfundisha mwigizaji kushika bunduki na kulenga. Hiyo ni sehemu ndogo, na ndiyo rahisi. Sehemu kubwa inahusu uchovu, njaa, usingizi na namna kundi la watu linavyozoeana. Na juu ya hayo yote kuna swali ambalo haliulizwi vya kutosha: katika filamu moja, ni nani anayepelekwa kambini kufundwa, na ni nani anayeletwa tu siku ya kurekodi, akapewa bunduki na kuambiwa akimbie?

Kambi zilizaliwa vipi

Hollywood haikuwa na shida hii wakati wote. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waigizaji wengi wa kiume wa Marekani na mafundi wao wa kamera walikuwa wametoka vitani wenyewe. Audie Murphy, mmoja wa askari waliotunukiwa nishani nyingi zaidi katika jeshi la Marekani wakati wa vita hivyo, aliigiza maisha yake mwenyewe katika filamu ya mwaka 1955. Nani angemfundisha huyo kubeba bunduki? Na hata kabla ya hapo, watayarishaji wa filamu ya mwaka 1930 kuhusu Vita Kuu ya Kwanza, *All Quiet on the Western Front*, waliwatafuta askari wa zamani wa Kijerumani waliokuwa wakiishi Los Angeles, wakawatumia kama waigizaji wa ziada na kama washauri wa namna kikosi cha Kijerumani kilivyotembea na kuagizwa.

Mambo yalibadilika mwaka 1973, Marekani ilipoacha kuwaita vijana jeshini kwa lazima. Kufikia miaka ya 1980, kijana aliyekuja kuomba nafasi ya kuigiza askari hakuwa ameonja jeshi, na mara nyingi rafiki zake pia hawakuwa wameonja. Aliijua vita kwa kuitazama kwenye filamu, hivyo akawa anaigiza uigizaji wa watu wengine. Wakati huohuo, watu waliorudi kutoka Vietnam walikuwa wamefika umri wa kuongoza filamu, na hawakuvumilia kuiona vita yao ikichezwa ovyo.

Wawili kati yao walikutana kwenye kazi moja. Oliver Stone alikuwa amepigana Vietnam kama askari wa miguu. Dale Dye alikuwa kapteni mstaafu wa Marine, jeshi la wanamaji wapiganaji wa Marekani, naye alipigana Vietnam, akajeruhiwa, akabaki jeshini hadi katikati ya miaka ya 1980. Alipotoka, Dye alianzisha kampuni ya kuwafunda waigizaji, akagonga milango mingi ya Hollywood bila kufunguliwa. Stone alimfungulia. Filamu ilikuwa *Platoon*, na mazingira yake yalikuwa misitu ya kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, mwanzoni mwa mwaka 1986, siku zilezile ambazo wananchi wa nchi hiyo walikuwa wakimwondoa Rais Marcos madarakani.

Dye aliwachukua waigizaji kama thelathini hivi, akawaingiza msituni kwa takriban wiki mbili. Hapakuwa na hoteli. Walinyolewa, wakapewa sepetu wachimbe mashimo ya kujihami, na humohumo ndimo walimolala, wawili wawili. Chakula kilikuwa cha makopo ya jeshi na hakikutosha. Usiku walikaa lindo kwa zamu, na alfajiri wakaondoka kwenda doria na mizigo yote mgongoni. Waliitana kwa majina ya wahusika wao tu. Usiku mwingine, wakiwa hoi, mafundi wa milipuko waliwashtua kwa shambulio la bandia lililopangwa kwa siri. Na kambi ilipokwisha, Stone hakuwapa nafasi ya kwenda kuoga na kulala. Waliingia kwenye kamera hivyohivyo, na matope yao na hasira zao.

Wengine wataliona hilo kuwa ukatili usio na maana. Mimi naona ndiyo siri ya filamu yenyewe. Stone alikumbuka kwamba jambo lililowatawala askari wa kikosi chake Vietnam, kuliko ushujaa na kuliko woga, lilikuwa uchovu wa kupindukia, ule unaomfanya mtu akasirikie rafiki yake kwa sababu ya kijiko. Huwezi kumwelekeza mwigizaji aliyelala kwa saa nane nzima na kunywa chai ya asubuhi aonyeshe uchovu huo. Ataigiza kuchoka: atapumua kwa nguvu, atajifuta jasho, atafumba macho. Aliyechoka kwelikweli hafanyi hata kimoja kati ya hivyo. Anakaa kila anapopata nafasi ya kukaa. Anaegemeza uzito wa begi kwenye mti bila kulivua. Anajibu kwa neno moja. Mwili wake unabana kila senti ya nguvu iliyobaki, na kamera inaliona hilo hata pale mwigizaji mwenyewe asipojua.

Kinachofundishwa hasa

Wakufunzi wengi huanza na kwata. Mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka: amri zilezile ambazo mwanamgambo wa Tanzania anazijua hadi usingizini. Linaonekana jambo la ajabu, maana katika filamu yenyewe huenda pasiwe na gwaride hata moja. Lakini kwata ina kazi nyingine. Mwigizaji, kwa asili ya kazi yake, anasubiri zamu yake. Anamsikiliza mwenzake, anaitafuta kamera kwa pembe ya jicho, halafu anafanya. Kikosi hakina nafasi ya kusubiri. Amri ya kulala chini ikitoka, miili yote inaanguka kwa wakati mmoja bila mtu kumtazama mwenzake. Siku kadhaa za kwata asubuhi na jioni huua ule mchelewo mdogo wa kuigiza.

Baada ya hapo huja silaha, na hapa mkufunzi mzuri hushughulika zaidi na saa ambazo bunduki haifyatuliwi. Katika majeshi mengi, kuruta akiiacha silaha yake hata kwa kwenda haja atakiona cha mtema kuni. Kambi za filamu hufuata sheria hiyohiyo: unakula bunduki ikiwa mapajani, unalala umeikumbatia, unavuka mto ukiinyanyua juu ya maji kabla hujaufikiria usalama wako. Baada ya siku chache bunduki inaacha kuwa kifaa cha maigizo. Mwigizaji anaacha kuitazama. Anajua kwa vidole tu kwamba magazini imekaa sawasawa.

Kila vita ina mazoea yake, na mkufunzi anayejua vita vya leo tu anaweza kuiharibu filamu ya vita vya jana. Askari wa kisasa hulaza kidole pembeni, nje ya kifyatulio, hadi anapotaka kupiga. Katika Vita Kuu ya Pili zoea hilo halikuwa limekita hivyo. Ukitazama picha halisi za wakati ule utaona vidole viko kila mahali. Wamarekani wengi wa vita hivyo waliacha mkanda wa kofia ya chuma ukining'inia bila kufungwa kidevuni. Bunduki yao kuu, M1 Garand, ilibeba risasi nane, na ya nane ikishatoka, kile kibanio cha chuma kiliruka nje kikilia. Mwigizaji aliyefundwa vizuri mkono wake unaanza kwenda mfukoni kutafuta risasi nyingine kabla mlio huo haujaisha. Kwa mtazamaji hiyo ni robo ya sekunde. Lakini filamu nzima ya vita imejengwa kwa robo sekunde kama hizo.

Halafu kuna masikio. Askari aliyekaa mstari wa mbele kwa wiki kadhaa anatofautisha kombora linalotoka upande wake na linalokuja upande wake. La kwanza halimshughulishi, anaendelea kuchovya biskuti yake kwenye chai. La pili limeshamlaza chini kabla hujamaliza kulisikia. Mwigizaji mgeni hushtuka kwa yote mawili kwa kiwango kilekile, na huo ndio uongo ambao mtu aliyetoka vitani huugundua haraka kuliko kosa lolote la sare.

Kuna kasoro moja ambayo hakuna kambi inayoweza kuiondoa kabisa, kwa sababu haitoki kwa mwigizaji. Askari kwenye doria huachana hatua kadhaa, ili mlipuko mmoja usiwachukue wengi. Fremu ya kamera haipendi nafasi hizo. Mwongozaji anataka nyuso tatu kwenye picha moja, zikizungumza. Kwa hiyo mkufunzi anawatawanya, mpiga picha anawakusanya, na mabishano hayo huendelea hadi siku ya mwisho ya kurekodi. Vivyo hivyo kwa kofia za chuma: zinawafanya watu wote wafanane, hivyo mhusika mkuu huvuliwa yake mara nyingi kuliko akili inavyoruhusu.

Kambi kama kiwanda cha undugu

Mwaka 1997 Dye alipewa kundi lingine, safari hii nchini Uingereza, kwa ajili ya *Saving Private Ryan* ya Steven Spielberg. Mvua, baridi, matope, usingizi wa kukatishwa. Haikuchukua siku nyingi waigizaji wakakubaliana kwamba wameshapata walichohitaji, sasa waondoke. Tom Hanks, aliyekuwa anaigiza kapteni wao na ndiye aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote, aliwashawishi wabaki. Tazama kilichotokea hapo: kikosi cha maigizo kilitaka kuasi, na kapteni wa maigizo akakirudisha kwenye mstari. Uhusiano wao kwenye filamu ulianzia kwenye jambo lililotokea kweli.

Matt Damon hakupelekwa kwenye kambi hiyo, na hilo lilikuwa la makusudi. Yeye ndiye aliyeigiza Ryan, kijana ambaye wenzake wanahatarisha maisha ili wamrudishe kwa mama yake. Waliokuwa wakitetemeka kwenye mahema walijua kwamba yeye yuko mahali pakavu. Chuki ndogo waliyokuja nayo kwenye picha haikuhitaji kuandikwa kwenye skripti.

Mtindo huo uliendelea kwenye tamthilia ya televisheni *Band of Brothers* ya mwaka 2001, ambako vijana wengi wa Kiingereza walifundwa kuwa askari wa miamvuli wa Kimarekani. Wakati wote wa kambi waliitwa kwa majina ya watu halisi waliokuwa wakiwaigiza. Aliyepewa nafasi ya afisa alibebeshwa wajibu wa afisa: wenzake wakichelewa, yeye ndiye anayeulizwa. Dye mwenyewe aliigiza kanali wao. Na kwa kuwa baadhi ya maveterani wa kombania hiyo walikuwa bado hai, waigizaji waliweza kuwapigia simu na kuwauliza mambo ambayo hayamo kwenye vitabu vya historia: ulikuwa unatembeaje, ulikuwa unavuta sigara namna gani, nani alikuchekesha.

Kambi si njia pekee. Stanley Kubrick, alipokuwa akitengeneza *Full Metal Jacket* ya mwaka 1987, alimchukua R. Lee Ermey, mkufunzi halisi wa zamani wa makuruta wa Marine, awe mshauri tu. Ermey aliwaporomoshea vijana matusi mbele ya kamera kwa dakika nyingi bila kurudia hata moja, na Kubrick akaamua kumpa nafasi yenyewe ya mkufunzi. Sehemu kubwa ya maneno yake kwenye filamu aliyaleta mwenyewe. Kwenye filamu ya Kijerumani *Das Boot* ya mwaka 1981, inayohusu mabaharia wa nyambizi, waigizaji walizuiwa kukaa juani ili nyuso zao zipauke, wakafundishwa kupita mbio kwenye vitundu vyembamba vya nyambizi bila kujigonga, na picha zilirekodiwa kwa mfuatano wa hadithi ili ndevu zikue zenyewe. Waigizaji wa *1917*, iliyotoka mwaka 2019, walifanya mazoezi kwa miezi. Filamu hiyo imepangwa ionekane kama picha moja isiyokatika, kwa hiyo urefu wa handaki ulipimwa kwa mwendo na maneno ya waigizaji: mazungumzo yakiwa ya dakika nne, handaki lazima litoshe dakika nne.

Risasi baridi si mchezo

Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu nimeona video za vijana wa kwetu wakirekodi filamu za mapigano na kuelekezeana silaha usoni kwa kuamini kwamba risasi baridi haidhuru. Risasi baridi haina kichwa cha chuma, lakini ina baruti, na baruti hiyo inatoa gesi ya moto na vipande kwa nguvu kubwa mdomoni mwa mtutu. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum alijiwekea bastola yenye risasi baridi kichwani kwa mzaha, akafyatua, na akafariki siku chache baadaye. Brandon Lee alikufa mwaka 1993 kwa sababu kipande cha risasi kilikuwa kimebaki ndani ya mtutu, na risasi baridi iliyofuata ikakisukuma nje. Mwaka 2021, kwenye mazoezi ya kurekodi tukio la filamu *Rust* nchini Marekani, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa na risasi ya moto ambayo haikupaswa kuwapo kabisa eneo lile.

Ndiyo maana katika seti inayoendeshwa vizuri kuna mtu mmoja tu mwenye mamlaka juu ya silaha. Yeye ndiye anayezitoa, anayezikagua mbele ya mwigizaji na anayezikusanya picha ikishakatwa. Mwigizaji hulengeshwa pembeni kidogo ya mwenzake, na pembe ya kamera humaliza udanganyifu. Baada ya kifo cha Hutchins, watayarishaji wengi zaidi wamehamia kwenye bunduki za gesi zisizo na baruti, mmweko wa moto ukiongezwa baadaye kwa kompyuta. Tatizo la kiufundi hubaki moja: bunduki ya gesi haimtikisi mwigizaji kama ile halisi, kwa hiyo mkufunzi anapaswa kumfundisha bega lake kukumbuka teke ambalo halipo. Inafundishika.

Nani anafundwa, nani analetwa tu

Hapa ndipo suala linapotufikia watu wa upande wetu wa dunia. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, makomando wa Marekani walipigana na wanamgambo wa Kisomali katikati ya Mogadishu. Wamarekani 18 waliuawa. Wasomali waliouawa, wapiganaji na raia, walikuwa mamia. Filamu ya Ridley Scott kuhusu mapigano hayo, *Black Hawk Down*, ilitoka mwaka 2001 na ilirekodiwa Morocco, hasa Salé na Rabat.

Maandalizi ya waigizaji yalikuwa ya kiwango ambacho filamu chache zimefikia. Walioigiza Rangers, askari wa miguu wa kikosi maalumu, walipelekwa kambi ya Fort Benning kwa wiki moja. Walioigiza makomando wa Delta walipelekwa Fort Bragg kwa wiki mbili. Walioigiza marubani walikwenda Fort Campbell, na miongoni mwa waliozungumza nao alikuwa Michael Durant, rubani aliyeangushwa na kutekwa siku ileile. Jeshi la Marekani lilipeleka helikopta zenyewe Morocco, pamoja na marubani wake na askari wake. Matokeo yanaonekana: ukimtazama Ranger yeyote kwenye filamu ile, hata asiye na neno la kusema, unamwona mtu aliyewahi kulala chakari kando ya wenzake.

Sasa tazama upande wa pili wa barabara. Hakuna Msomali aliyepewa nafasi kubwa. Wahusika wachache wa Kisomali wenye majina waliigizwa na watu wasio Wasomali. Wengine wote ni umati: wanatokea kwenye paa, wanapiga risasi, wanaanguka. Osman Ali Atto, mfanyabiashara na mbabe wa vita aliyeigizwa humo, alilalamika hadharani kwamba mtu aliyeonyeshwa hakufanana naye hata kidogo. Lakini wale wanamgambo walikuwa na ufundi wao. Walikuwa wamejifunza kuzitumia RPG, roketi za kufyatulia begani, dhidi ya helikopta, walijua vichochoro, walikuwa na namna yao ya kuitana, ya kujificha na ya kuogopa. Hakuna wiki mbili zilizotengwa kwa ajili ya kufundisha hayo. Nguvu ya uhalisia ikaenda upande mmoja, na mtazamaji akaondoka akiwafahamu kumi na wanane na bila kumfahamu hata mmoja wa wale mamia. Askari wa Malaysia na Pakistan waliokwenda na magari ya deraya kuwaokoa Wamarekani nao waligusiwa tu. Wamalaysia walingoja hadi mwaka 2023 wakatengeneza filamu yao wenyewe kuhusu usiku ule.

Si bahati mbaya. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina utaratibu wa muda mrefu wa kusaidia filamu: unapeleka skripti, inasomwa, na ikikubalika unapata vifaa, viwanja na watu. Isipokubalika, hupati. *Platoon* haikupata, kwa sababu ilionyesha Wamarekani wakiua wanakijiji na kuuana wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana ilitegemea vifaa vya jeshi la Ufilipino. Mwenye kambi ya mafunzo ana sauti katika hadithi. Kila anayezungumzia uhalisia wa filamu ya vita anapaswa kuliweka hilo mezani pamoja na ubora wa sare.

Yupo mwigizaji mmoja ambaye njia yake imepita pande zote mbili. Forest Whitaker alikuwa miongoni mwa vijana wa *Platoon*. Miaka ishirini baadaye alikuja Uganda kumwigiza Idi Amin kwenye *The Last King of Scotland*. Safari hii hapakuwa na mkufunzi wa kumchimbisha mashimo. Alijifunda kwa njia nyingine. Alijifunza Kiswahili. Alizungumza na ndugu za Amin, na maafisa waliomjua, na watu walioumizwa na utawala wake. Uamuzi wa kujifunza lugha naona ulikuwa wa busara kuliko mazoezi yoyote ya silaha. Amin alijiunga na King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, mwaka 1946, akapanda hadi effendi, cheo cha juu kwa askari Mwafrika, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambini katika vikosi vya KAR vya Kenya, Uganda na Tanganyika. Ubabe wake, utani wake wa ghafla, ile sauti ya sajenti anayecheka na kutisha kwa pumzi moja, vilikulia ndani ya lugha hiyo. Whitaker alichukua Oscar mwaka 2007. Kwangu tuzo ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba mtu wa kwetu akimtazama hawezi kusema anaona Mmarekani aliyevaa magwanda.

Kisha kuna waigizaji ambao kwao mafunzo yanageuka kabisa. *Rebelle*, filamu ya Mkanada Kim Nguyen ya mwaka 2012, inamfuata msichana aliyelazimishwa kuwa mpiganaji, na ilirekodiwa Kongo. Rachel Mwanza, aliyeigiza msichana huyo, alikuwa ameishi mitaani Kinshasa na hakuwahi kuigiza. Hawakumpeleka kambini. Hadithi ilirekodiwa kwa mfuatano wake, na waigizaji hawakupewa skripti nzima, kwa hiyo yeye alilijua jambo lilipomfikia. Akashinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Berlin. Miaka michache kabla, kule Liberia, Jean-Stéphane Sauvaire alitumia vijana waliokuwa askari watoto kweli katika *Johnny Mad Dog*, baada ya kukaa nao kwa muda mrefu kabla ya kurekodi. Vijana kama hao hawahitaji kufundishwa namna ya kubeba silaha. Wanachohitaji ni mtu wa kukaa nao kila jioni kamera ikishazimwa, kuhakikisha silaha imebaki kwenye sanduku na kijana amerudi kwenye jina lake. Mwongozaji asiyeweza kugharamia hilo asiwachukue.

Vita iliyotembewa kwa miguu

Samuel Fuller, mwongozaji aliyepigana Ulaya kama askari wa miguu, alikuwa akisema kwamba filamu ya vita haiwezi kuwa ya kweli kamili mpaka watazamaji nao wapigwe risasi kutoka nyuma ya pazia. Alikuwa sahihi: hofu ya kufa haifundishiki kwa wiki mbili, na mwigizaji yeyote anajua kwamba jioni atarudi kwake. Yanayofundishika ni mengine yote yanayoizunguka hofu hiyo, na hayo yanatosha kabisa kutenganisha filamu inayoheshimu askari na inayowachezea.

Nayafikiria haya kila inapozungumzwa filamu kubwa ya Vita vya Kagera. Mazungumzo huwa yanaanzia kwenye vifaru, ndege na helikopta, halafu yanaishia kwenye bajeti. Lakini vita ile ilitembewa. Baada ya majeshi ya Amin kuingia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978 na kulipua daraja la Kyaka, jeshi la Tanzania lilipanuliwa kwa kuingiza mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT, likavuka mpaka, na sehemu kubwa ya askari wake walikwenda kwa miguu: Mutukula, Masaka, Lukaya, hadi Kampala tarehe 11 Aprili 1979, zaidi ya kilomita 200, na wengine wakaendelea hadi mpaka wa Sudan. Mizinga ya roketi waliyoifuata ilitisha kiasi kwamba Waganda waliipa jina, Saba Saba. Mwigizaji wa filamu hiyo anapaswa kujua vilevile kwamba baada ya siku ya tatu kwenye utelezi wa masika hakuna anayezungumzia Saba Saba. Watu wanazungumzia malengelenge, maji na nani amebeba sufuria.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ile sasa anakaribia 70. Anakumbuka amri zilitamkwaje kwa Kiswahili chini ya mizinga, bunduki ya SMG ilibebwaje usiku, nyimbo zipi ziliimbwa njiani na zipi zilikatazwa karibu na adui, mwenzake alizikwaje kabla ya kusonga mbele. Mtayarishaji mwenye nia ya dhati ampate mzee wa namna hiyo kwanza, amlipe vizuri, amketishe na vijana wake kwa wiki kadhaa, halafu awatembeze kutoka Mutukula wakiwa na mizigo yao kamili. Mshona sare na mwenye bunduki wanaweza kuja baadaye.